Neno la Brodie Kabla ya Saa Kumi na Moja

Simu iliita saa saba kasoro mchana, Tegan Pruett akiwa anamlisha supu ya maboga bibi wa chumba namba tisa katika nyumba ya wazee. Kazini simu hairuhusiwi, lakini jina lililotokea lilikuwa la Bi Yvonne, mkuu wa kituo wanakolelewa wanawe, na mama mwenye watoto watatu wadogo haachi simu ya kituo ikaita hivihivi. Akaweka kijiko, akageukia dirishani.

"Watoto wazima, usishtuke," Bi Yvonne alisema haraka haraka. "Ni ile habari ya serikali. Imeshaingia kwenye kompyuta yangu. Kuanzia Jumatatu ruzuku yako inasoma sifuri. Sifuri kwa wote watatu."

"Sifuri vipi? Si nilishapeleka hesabu zangu za kodi zamani?"

"Zako zipo. Za Brodie ndizo hazipo. Wanadai mwaka wa kodi wa mwezi wa saba mwaka juzi mpaka wa sita mwaka jana, na ulipoanza mlikuwa bado mke na mume, kwa hiyo wanataka na pato lake. Mwisho ni leo, saa kumi na moja jioni." Akashusha pumzi. "Sikiliza, mwanangu. Nina familia kumi na moja kwenye foleni. Bei kamili huiwezi, na nikikuachia bure nitafungiwa kituo. Nimeona bora uisikie kwa mdomo wangu."

Tegan alishukuru, maana alilelewa vizuri, kisha akasimama pale dirishani akipiga hesabu. Hiyo ruzuku ndiyo iliyokuwa imeshikilia nyumba yake. Archer, wa miaka minne, serikali ilimlipia sehemu kubwa. Mapacha, Indi na Maeve, wa miaka miwili, iliwalipia karibu yote, kwa kuwa wadogo wa nyumba moja hupewa kiwango cha juu kuliko kaka yao. Tegan mwenyewe alimalizia kilichobaki. Bila hiyo, siku moja ya watoto watatu kituoni ingekula karibu mshahara wake wa siku mbili. Jumatatu angebaki nyumbani na watoto, Jumanne nyumba ya wazee ingemtafuta mtu mwingine, na mchezo ungekuwa umeisha.

Na huyu si mtu aliyeipata kazi kwa kuokota njiani. Baba yake alikuwa mnyoa kondoo wa kuhamahama, mama yake mpishi wa wanyoaji. Tegan alijifunza kutembea akishikilia marobota ya sufu, akabadilisha shule tisa, akaacha ya tisa ana miaka kumi na tano. Cheti chake cha kuhudumia wazee alikisomea akiwa na mimba ya mapacha, miguu imevimba, ameiweka ndani ya beseni la maji baridi. Katika ukoo mzima wa akina Pruett alikuwa wa kwanza kulipwa hata siku anayoumwa. Halafu mtu aje kumwagiwa unga wake hivihivi, kwa sababu ya Brodie Maddern!

Alikwisha kumwandikia ujumbe zaidi ya kumi tangu mwezi wa nne. Alijibiwa mara moja tu: *Nitashughulikia.* Jamani, wanaume na hilo neno. Kila aliloambiwa tangu aolewe lingekuwa mbuzi, Tegan angekuwa na zizi.

Alipiga tena. Simu ya Brodie haikupatikana, na alijua kwa nini. Kundi lake la wanyoa kondoo lilikuwa shamba la Banyalla, mwendo wa saa moja na nusu kutoka Hay, mji wanakoishi, na kule mtandao haufiki mpaka upande mahali pa juu. Akamwendea msimamizi wake, akamweleza wazi. Msimamizi akamtazama, akatazama saa ya ukutani.

"Nenda," alisema. "Lakini Jumatatu asubuhi nataka kujua kama una kazi au huna."

Ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa sita, baridi ya kukata masikio, na mawingu yalikuwa yameshuka chini upande wa magharibi. Udongo wa bonde lile ni mweusi. Mvua ikinyesha nusu saa tu, barabara inakuwa uji na gari halitoki. Tegan alikanyaga mafuta akihesabu saa. Afike saa nane na nusu. Wanyoaji wanapumzika saa tisa. Aondoke saa kumi na nusu, isizidi, maana kituo kinafungwa saa kumi na mbili na watoto hawawezi kukaa nje ya lango. Hesabu ilikuwa inambana kila upande. Njia nzima alikuwa akimtukana Brodie kwa sauti, peke yake ndani ya gari, na matusi ya banda la kondoo yeye alikuwa nayo ya kutosha.

Alipoegesha gari karibu na banda alisikia mashine zikinguruma ndani, na mara sauti ya mtu ikapaa juu ya ngurumo hiyo.

"Bata bwawani! Bata bwawani!"

Tegan alisimama. Zamani mwanamke akikaribia banda, aliyemwona kwanza ndiye aliyepiga kelele hiyo, ili wanaume wafunge midomo michafu na wapandishe suruali. Lakini hayo ni ya enzi ya baba yake. Siku hizi wanawake wamejaa mabandani, wapo wanaochambua sufu, wapo wanaonyoa kuliko waume zao, na kelele ile imebaki utani wa Krismasi. Hakuna wa kumfichia mtu matusi tena. Kwa hiyo walikuwa wanaficha kitu kingine, na walikuwa wanamficha yeye.

Aliingia. Wanyoaji sita walikuwa wameinama kwenye mstari, kila mmoja na kondoo wake kati ya mapaja. Wa nne alikuwa Brodie. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kidevu. Hakuinua kichwa.

Wewe unaweza kuniuliza, kwa nini asimvute shati palepale? Ni kwamba mnyoaji akiwa kazini hasemeshwi. Analipwa kwa kichwa cha kondoo, mashine iko mkononi, na mnyama akirusha teke wakati huo mtu anaweza kupoteza vidole. Unangoja kengele. Tegan alikua na sheria hiyo kama wengine wanavyokua na sala. Akaegemea nguzo, akakunja mikono, akangoja, dakika zikimtafuna.

Ndipo akaanza kuona. Jirani wa Brodie alikuwa anamaliza kondoo wa tano, Brodie bado anahangaika na wa pili. Jike lilirusha teke, Brodie akayumba, akalikata ubavuni, damu ikachuruzika. Brodie aliyeoana naye alikuwa ananyoa kondoo mia na themanini kwa siku huku anapiga mluzi. Huyu aliyekuwa pale alishika mashine vizuri, mkono ulijua njia, lakini kila alipoinuka uso ulikuwa unakunjamana na kinywa kinaachama bila sauti. Na sakafuni sufu ilikuwa imerundikana mpaka kwenye vifundo vya watu. Ufagio ulikuwa umeegemezwa ukutani, hakuna aliyeushika. Mzee Noel Tranter, mnyoaji wa miaka arobaini aliyewahi kufanya kazi na baba yake, alikuwa amesimama kando mikono mfukoni, anatazama dari kana kwamba amelipia kiingilio.

Tegan aliteremsha macho. Wanyoaji wote walikuwa wamevaa viatu vyao laini vya sufu nzito, visivyoteleza kwenye mafuta ya kondoo. Baba yake alikuwa akivishona mwenyewe Jumapili. Brodie alikuwa na mabuti ya mpira. Mabuti ya mtu wa kufagia.

Kengele ililia saa tisa, mashine zikanyamaza moja baada ya nyingine. Brodie alimwachia kondoo wake wa tatu ateremke, akabaki ameinama palepale, viganja juu ya magoti.

"Shemeji!" Mzee Noel aliwahi kudakia. "Karibu, karibu. Njoo unywe chai kwanza, kuna keki ya matunda."

"Shemeji wa nani? Tulishaachana."

"Mimi hamkuniacha."

Wengine walicheka, lakini kidogo, wakaanza kutoka mmoja mmoja bila kumtazama. Tegan akasogea mpaka mbele ya Brodie.

"Kondoo mia na themanini kwa siku," alisema, "na wanangu unawatumia dola mia mbili na hamsini kwa juma. Nikasema sawa, bahili ni bahili. Lakini karatasi moja ya kodi, Brodie! Leo saa kumi na moja wanawafutia watoto ruzuku, wote watatu. Jumatatu hawana kituo na mimi sina kazi. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Unalijua! Halafu unaniigizia hapa. Tangu lini mtu ananyoa na mabuti ya mpira?"

Brodie alifumba macho. Mzee Noel, aliyekuwa amefika mlangoni, alirudi hatua mbili.

"Kosa langu, shemeji. Tulimpa mashine, tukasahau miguu."

"Niache niseme mwenyewe, mzee," Brodie alisema. Akanyooka polepole, mkono mmoja kiunoni. "Mgongo umekwisha, Teg. Tangu mwezi wa saba ule wa mwaka juzi, kabla sijaondoka nyumbani. Daktari alisema nikiendelea kunyoa nitatembelea magongo. Nafagia. Likipatikana kundi la kunichukua, nafagia. Lisipopatikana, nalala kwenye karavani ya mama, ile nyumba ya magurudumu."

Tegan akakumbuka. Mwezi wa saba ule Brodie alikuwa mkali kama siki, analala sakafuni, anasema ni joto la kitanda, katikati ya baridi. Waligombana kila siku ya Mungu. Mwezi wa nane akafunga mzigo, akasema ana kazi mabanda ya mbali na asingojwe, naye hakumngoja.

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Uliolewa na mnyoaji."

"Niliolewa na mpumbavu." Akakumbuka saa. "Haya. Mgongo tutalia siku nyingine. Hesabu za kodi kwa nini hukupeleka?"

"Hazihitajiki. Pato langu mwaka ule halikufika hata kiwango cha kutozwa kodi. Inatakiwa nipige simu tu, niwaambie nilipata ngapi."

"Simu."

"Simu."

"Watoto wangu watatu wanafukuzwa kituoni kwa sababu ya *simu*?"

"Wakishapokea wanakuandikia wewe barua ya hesabu," Brodie alisema akitazama yale mabuti. "Na pato langu limo ndani. Ungeliona."

Kama kungekuwa na nyundo karibu, sijui lingetokea nini. Tegan alimshika mkono wa shati, akamkokota nje.

Mahali pekee penye mtandao palikuwa juu ya jukwaa la kupakilia marobota, na kwa hiyo ndipo kundi zima lilipokuwa linanywea chai, kila mtu na simu yake. Waliposimama pale watu walisogea kuwapa nafasi. Tegan akapiga namba ya ofisi ya ruzuku, akaweka sauti ya wazi, akaketi juu ya robota na simu mapajani. Sauti ya kurekodiwa ikawashukuru kwa subira yao. Ikawaambia wako wa hamsini na nne kwenye foleni. Ikaanza kupiga muziki.

Saa tisa na robo. Wa arobaini na sita. Mtu akamletea Tegan chai, akaishika mpaka ikapoa. Chaji ya simu ilikuwa inasoma kumi na tisa.

Saa tisa na nusu kengele ililia, watu wakarudi ndani. Mwenye kundi, mwanamume mfupi aliyeitwa Stubbs, alitokeza kichwa mlangoni.

"Maddern! Sufu haijizoi yenyewe!"

Brodie aliinuka nusu. Tegan alimtazama tu, Brodie akaketi tena.

"Maddern, mara ya mwisho. Uje au uchukue begi lako."

"Nazoa mimi, Stubbs," ilisikika sauti ya Mzee Noel ndani. "Kondoo wangu wape vijana."

"Wewe? Kwa mshahara wa kufagia?"

"Una ufagio mwingine au nitumie huu?"

Stubbs alitukana, lakini kichwa kikarudi ndani. Tegan na Brodie wakabaki peke yao juu ya jukwaa, na ule muziki. Upande wa magharibi tone la kwanza lilidondoka juu ya bati, kisha la pili. Tegan alikuwa anasikia jinsi Brodie anavyovuta pumzi kwa vipande, akatamani kumpiga, akatamani kumpa kitu cha kuegemea. Alisogea, akamwachia upande mmoja wa robota. Brodie akaliegemea.

Saa kumi. Wa kumi na tisa. Chaji kumi na moja.

Saa kumi na robo. Wa saba. Matone yalikuwa yameacha kuhesabika.

Saa kumi na dakika ishirini na tano muziki ulikatika. Tegan aliinyakua simu, akidhani imezimika.

"Asante kwa kusubiri," ilisema sauti ya msichana, mchangamfu kabisa. "Nikusaidie nini leo?"

Tegan alimsogezea Brodie simu mdomoni.

"Naitwa Brodie Maddern. Nataka... nataka kusema kwamba sikupeleka hesabu za kodi. Mwaka ule. Kwa sababu haikunilazimu."

"Hamna shida, kaka. Tarehe yako ya kuzaliwa?"

Akaitaja. Anwani, akaitaja. Majina ya watoto na tarehe zao za kuzaliwa, akayataja bila kukosea hata siku moja. Kisha karani akauliza tarehe waliyoachana na mwenzake. Brodie akakwama.

"Tarehe tano mwezi wa nane," Tegan alisema.

"Mama, samahani, naomba ajibu mwenyewe."

"Tarehe tano mwezi wa nane," Brodie akarudia.

"Sawa. Sasa naomba pato lako lote la mwaka huo, kazi zote kwa pamoja."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Ndani mashine zilikuwa zinanguruma. Brodie alitazama upande ambao Tegan hayupo, na shingo yake ikawa nyekundu mpaka masikioni.

"Kaka? Bado upo?"

"Elfu kumi na mbili na mia moja," alisema.

"Samahani, kuna kelele. Rudia?"

"Dola elfu kumi na mbili na mia moja!" Safari hii alipiga ukelele, na nina hakika walimsikia hadi wanyoaji walioko ndani. "Mwaka mzima. Ndiyo hiyo."

"Nimepata," karani alisema, vidole vyake vikisikika kwenye kibodi, hana habari. "Vizuri sana, mmewahi. Nikishabonyeza hapa ruzuku inarudi, Jumatatu watoto wanaingia kituoni kama kawaida. Bado swali moja tu la mwisho. Tangu mlipoachana mpaka mwaka kuisha, ulilipa chochote cha matunzo ya watoto?"

"Kidogo," Brodie alisema.

"Kidogo ni kiasi gani, kaka? Lazima niandike namba."

Tegan alikuwa amefungua mdomo kumwambia mia mbili na hamsini kwa juma, namba aliyokuwa ameilaani kila Ijumaa ilipoingia, hata mara moja haikukosa. Lakini alikuwa binti wa mnyoaji, amekua anajumlisha kondoo wa baba yake kichwani kila kengele ikilia, na hesabu ilijifanya yenyewe kabla hajaizuia. Tangu mwezi wa nane mpaka wa sita, majuma arobaini na saba. Akairudia, akidhani amekosea. Haikuwa imekosewa. Macho yake yakapanda kutoka kwenye yale mabuti ya mpira mpaka kwenye shati, ambalo alilinunua yeye, miaka mitatu iliyopita, na kola yake ilikuwa imegeuzwa na kushonwa upya kwa mkono.

"Kaka, simu inakatika. Ulilipa kiasi gani?"

"Andika yote," Tegan alisema.

"Mama, nimeomba ajibu mwenyewe. Na yote ipi?"

"Yote aliyokutajia sasa hivi. Toa mia tatu na hamsini. Hizo alikula yeye."

Karani akauliza kama ni kweli, na Brodie, uso ameufunika kwa kiganja, akasema ndiyo, ni hivyo, na karani akabonyeza.